Uliza Kinapimwaje: Maneno ya Msingi ya Anga na Fizikia kwa Anayeanza

Mwenyekiti, walimu wetu, wanafunzi, na nyote mliojitokeza, hamjambo.

Nimeombwa nieleze maneno ya msingi ya elimu ya anga na fizikia kwa watu ambao hawajawahi kuyasoma, au waliyasoma zamani wakayaacha mlangoni mwa chumba cha mtihani. Nitafanya hivyo, ila sitasoma orodha. Mtu anaweza kukariri istilahi zote kutoka A hadi Z asielewe hata moja, na mitihani yetu, kusema kweli, imemruhusu afanye hivyo kwa miaka mingi.

Nitawapa swali moja mtembee nalo: kitu hiki kinapimwaje? Istilahi nyingi za fizikia zilizaliwa pale mtu alipotaka kupima jambo akaona maneno ya kila siku hayamtoshi. Ukishajua kipimo, fasili inakuja yenyewe. Hebu tulijaribu swali hili kwanza kwenye jozi inayowachanganya watu kuliko zote, tungamo na uzito.

Tunaposema mtu ana uzito wa kilo 60, hakuna anayelalamika. Lakini kwa mwanafizikia kilo 60 ni tungamo, yaani kiasi cha maada kilichomo mwilini, kile kinachokufanya uwe mgumu kusukumwa ukiwa umetulia na mgumu kusimamishwa ukiwa mwendoni. Uzito ni kani, nguvu ambayo Dunia inakuvuta nayo, na kani hupimwa kwa nyutoni. Kila kilogramu iliyopo usoni pa Dunia huvutwa kwa nyutoni 9.8 hivi. Basi yule mtu wa kilo 60 ana uzito wa nyutoni 588.

Sasa mpeleke Mwezini, ambako mvutano ni kama sehemu moja ya sita ya huu wetu. Akikanyaga mizani ya springi, itamwonyesha kilo 10. Hajakonda. Mizani ile haijawahi kupima tungamo la mtu yeyote. Inachopima ni jinsi springi ilivyobonyea, kisha waliotengeneza wakaandika namba kwa kudhani kwamba utaikanyagia Duniani. Mpe mizani ya sahani mbili, akae upande huu na mawe ya kupimia yawekwe upande ule, na atahitaji mawe ya kilo 60 kamili kama kawaida, kwa sababu yeye na mawe wamepungukiwa na uzito kwa kiwango kile kile.

Je, ndani ya chombo kinachoizunguka Dunia, ambako kila kitu kinaelea na mizani zote mbili hazina kazi? Hapa ndipo swali letu linapoonyesha makali yake. Kituo cha anga cha Skylab, kilichorushwa na Marekani mwaka 1973, kilikuwa na kiti kilichoshikizwa kwenye springi. Mwanaanga anajifunga kitini, kiti kinaachiwa, kinaanza kwenda mbele na kurudi nyuma, mbele na nyuma, huku saa ikihesabu kila mzunguko unachukua muda gani. Mwenye tungamo kubwa huyumba polepole, mwenye tungamo dogo huyumba haraka. Kutokana na muda huo tu, kilo zake zinakokotolewa. Hakuna kilichoning'inia wala kilichoshuka, na bado tungamo limepimika. Mwanafunzi akikielewa kiti hicho, mimi sina haja ya kumwuliza fasili.

Kuna jambo linalofuata hapo hapo. Kitu chenye tungamo kubwa huvutwa kwa nguvu kubwa zaidi, kwa hiyo wengi huamini kwamba kitaanguka haraka zaidi. Wanasahau kwamba kitu hicho pia ni kigumu zaidi kusukumwa, na kwa kadiri ile ile, hivyo mambo hayo mawili yanafutana. Mwaka 1971 David Scott, aliyekwenda na Apollo 15, alisimama juu ya Mwezi akiwa na nyundo mkono mmoja na unyoya wa ndege mkono wa pili, akaviachia kwa pamoja mbele ya kamera. Vilifika chini pamoja. Huku kwetu unyoya huchelewa kwa sababu hewa inauzuia. Mwezini hakuna hewa ya kuuzuia.

Mchapuko ni badiliko la kasi au la mwelekeo. Wengi hukumbuka kasi tu. Gari linaloongeza mwendo lina mchapuko, linalofunga breki lina mchapuko, na linalokata kona bila kubadili kasi hata kidogo nalo lina mchapuko, maana mwelekeo wake unabadilika. Lishikeni hilo la kona, kwa sababu ndilo linalotuingiza kwenye obiti.

Obiti ni njia ambayo kitu kimoja huifuata kikikizunguka kingine kwa sababu ya mvutano. Kituo cha Kimataifa cha Anga kipo kama kilomita 400 juu yetu, na wanaanga waliomo wanaelea. Ukiuliza kwa nini, watu tisa kati ya kumi watakujibu kwamba huko juu hakuna mvutano. Hapana. Kwenye kimo hicho mvutano wa Dunia bado una karibu asilimia 90 ya nguvu yake ya huku chini. Wanaelea kwa sababu wanaanguka, wao na chombo chao na kalamu zao, vyote kwa pamoja.

Tuhesabu kidogo, msiogope. Katika sekunde moja, kitu kilichoachiwa kwenye kimo kile huanguka mita 4.3 hivi. Kituo hicho, katika sekunde hiyo hiyo, kinasonga mbele kilomita 7.7. Na duara lenye ukubwa wa njia yake, ukilifuata kwa kilomita 7.7, linakuwa limepinda kuelekea chini kwa mita 4.3 hizo hizo. Kinaanguka, lakini kadiri kinavyoanguka ndivyo Dunia nayo inavyopinda chini yake, na hakiikaribii kamwe. Kinamaliza mzunguko mzima kwa dakika 90 hivi. Kikipunguzwa kasi ya kutosha, kitashuka. Kikiongezewa ya kutosha, kitatoroka.

Isaac Newton aliupigia Mwezi hesabu ya namna hii hii katika karne ya 17. Mwezi uko mbali na kitovu cha Dunia mara 60 kuliko sisi tuliosimama juu ya uso wake. Kama mvutano unapungua kwa mraba wa umbali, basi kule unapaswa kuwa dhaifu mara 60 kwa 60, yaani mara 3,600. Jiwe hapa huanguka mita 4.9 katika sekunde ya kwanza. Gawanya kwa 3,600 upate kama milimita 1.4. Na kweli, ukiitazama njia ya Mwezi, kila sekunde unakengeuka kuelekea kwetu kwa milimita 1.4 hivi. Kanuni inayoangusha jiwe ndiyo inayouzungusha Mwezi. Kwangu mimi huu ndio ugunduzi mkubwa kuliko wote katika historia ya fizikia, na aliye na mwingine wa kushindana nao tutakutana nje baadaye.

Sasa joto na halijoto. Chembe za kila kitu hazitulii, na halijoto hutuambia kwa wastani chembe moja moja ina hekaheka kiasi gani. Joto ni nishati inayohama kutoka kilicho moto kwenda kilicho baridi. Cheche ya moto ina halijoto ya mamia ya nyuzi, lakini ikikurukia mkononi unaipangusa tu, ilhali ndoo ya maji ya nyuzi 70 itakupeleka hospitali. Cheche ina chembe chache zenye fujo nyingi, ndoo ina chembe nyingi mno zenye fujo ya wastani. Jua lina kitendawili cha namna hiyo. Uso wake una nyuzi kama 5,500 za Selsiasi, lakini korona, lile tabaka la nje linaloonekana kama taji wakati Jua linapopatwa kabisa, linapita nyuzi milioni moja. Halijoto ni ya kutisha, ila gesi ya pale ni nyepesi mno kiasi kwamba nishati ya joto iliyo nayo ni kidogo. Kwa nini korona iwe moto kuliko uso ulio chini yake, wataalamu bado wanalishughulikia. Wanaastronomia, yaani wataalamu wa elimu ya anga, hupima halijoto kwa kelvini, ambayo sifuri yake ni nyuzi -273.15 za Selsiasi, baridi ambayo hakuna kinachoweza kushuka chini yake.

Nishati hupimwa kwa juli, na kiasi cha nishati kinachotoka kila sekunde hupimwa kwa wati. Mtu ataniuliza: Jua lina wati ngapi, na nani amekwenda kulipima? Hakuna aliyekwenda. Pima nguvu ya mwanga unaofika kwenye mita moja ya mraba iliyo nje ya hewa ya Dunia, ikilitazama Jua moja kwa moja. Utapata wati 1,361 hivi. Jua linamwaga mwanga pande zote kwa usawa, kwa hiyo fikiria tufe kubwa lenye Jua katikati na ukuta wake unapita hapa tulipo, kilomita milioni 150 kutoka kwenye Jua. Kila mita ya mraba ya ukuta huo inapokea wati 1,361. Zidisha kwa eneo la tufe zima, basi umelipima Jua ukiwa nyumbani.

Nishati hiyo inatoka kwenye kiini cha Jua, kwenye halijoto ya nyuzi milioni 15 hivi, ambako viini vya atomi za hidrojeni vinaungana kuwa heli. Kila sekunde tani milioni 600 hivi za hidrojeni zinaingia kwenye kazi hiyo. Heli inayotoka ina tungamo dogo kidogo kuliko hidrojeni iliyoingia, na tofauti yake, tani milioni 4 na ushei, ndiyo inayogeuka mwanga na joto. Ile kanuni ya Albert Einstein ya mwaka 1905 ambayo watu huivaa kwenye fulana inasema hivyo tu: tungamo kidogo, ukilizidisha kwa mraba wa kasi ya nuru, ni nishati nyingi mno. Nyota, kwa ufupi, ni tufe la gesi moto sana linalong'aa kwa kuunganisha viini namna hiyo ndani yake. Sayari haifanyi hivyo, inaakisi mwanga wa nyota yake.

Na kwa kuwa nimeitaja sayari, haya madogo madogo niyapitie haraka. Tangu 2006, Umoja wa Kimataifa wa Astronomia unataka sayari ya mfumo wetu itimize masharti matatu: izunguke Jua, iwe na tungamo la kutosha kujikunja kuwa tufe, na iwe imeisafisha njia yake isiishiriki na vitu vingine vya ukubwa unaokaribiana. Pluto ilianguka kwenye sharti la tatu ikawa sayari kibete. Asteroidi ni mawe na metali yanayozunguka Jua, mengi yakiwa kati ya Mirihi na Mshtarii. Nyotamkia ni donge la barafu na vumbi linaloota mkia linapokaribia Jua. Kimondo ni ule mwako unaouona usiku kipande kidogo cha mwamba au vumbi kinapoingia hewani kwa kasi kubwa, na watu wakauita nyota iliyoanguka. Nyota haianguki. Tuendelee.

Umbali unahitaji muda zaidi, kwa sababu hapa ndipo wanaoanza hukata tamaa.

Kilomita zinatufikisha mpaka Mwezini vizuri: 384,400 kwa wastani. Baada ya hapo zinakuwa mzigo. Ndani ya mfumo wa Jua tunatumia kizio astronomia, ambacho ni wastani wa umbali kati ya Dunia na Jua, karibu kilomita milioni 150. Mshtarii uko kwenye vizio 5.2. Nje ya mfumo wa Jua hata hicho ni kidogo, na ndipo tunapochukua mwakanuru.

Mwakanuru ni umbali. Narudia, maana nimesikia hata wasomi wakisema jambo fulani lilitokea "miakanuru elfu iliyopita", na ni sawa na kusema lilitokea kilomita elfu iliyopita. Ni umbali ambao nuru inausafiri kwa mwaka mmoja, kama kilomita trilioni 9.46. Nuru inakwenda mita 299,792,458 kila sekunde katika ombwe, yaani mahali pasipo na hewa wala kitu kingine. Inatoka Mwezini kwa sekunde 1.3, kwenye Jua kwa dakika 8 na sekunde 20 hivi, na kwenye Proxima Centauri, nyota iliyo karibu nasi kuliko zote baada ya Jua, kwa miaka 4.2. Galaksi ya Andromeda iko miakanuru milioni 2.5, na mwanga wake unaotufikia leo ulianza safari kabla hajatokea binadamu kama sisi.

Nani alijua kwamba nuru inatumia muda kusafiri? Kwa karne nyingi wengi waliamini inafika papo hapo. Jibu lilitoka kwa Mdenmaki Ole Rømer, aliyekuwa akifanya kazi Paris, naye hakuwa akiitafuta nuru. Mwaka 1610 Galileo alikuwa ameuona Mshtarii ukiwa na miezi minne. Mmoja wao, Io, huizunguka sayari hiyo kila saa 42 na nusu hivi, na kila mzunguko huzama kwenye kivuli chake. Mabaharia walihitaji saa isiyokosea, na Io ilionekana kuwa saa iliyotundikwa angani. Lakini saa hiyo ilikuwa na tabia ya ajabu. Dunia inapokwenda ikijitenga na Mshtarii, Io ilizidi kuchelewa. Dunia inaporudi kuukaribia, Io ilizidi kuwahi. Io yenyewe haina habari na Dunia iko wapi. Mwaka 1676 Rømer alieleza kwamba mwezi ule hauchelewi, ila habari ya kuzama kwake ndiyo inayosafiri njia ndefu zaidi kutufikia. Alikadiria kwamba nuru inachukua dakika 22 kuvuka kipenyo cha njia ya Dunia. Leo tunajua ni kama dakika 16 na sekunde 40. Alikosea dakika, lakini jambo lenyewe alilipata, tena kwa darubini na saa za karne ya 17.

Na umbali wa nyota je? Hili fanyeni nami sasa hivi. Nyoosheni mkono, simamisheni dole gumba, fumbeni jicho la kushoto mtazame, kisha fumbeni la kulia. Mmeona dole linavyoruka mbele ya ukuta? Lileteni karibu na pua mrudie. Linaruka zaidi. Huko kuruka ndiko paralaksi, na ukijua umbali kati ya macho yako mawili na pembe ya mruko, unapata umbali wa dole bila kuligusa kwa rula.

Wanaastronomia wanafanya hivyo hivyo, isipokuwa jicho moja wanaliweka upande huu wa Jua na la pili wanaliweka upande wa pili miezi sita baadaye, Dunia ikiwa imehamia kilomita milioni 300 kutoka ilipokuwa. Nyota za karibu zinaruka kidogo mbele ya zile za mbali. Ni kidogo mno. Gawanya nyuzi moja ya pembe vipande 3,600. Kipande kimoja ni sekunde ya tao. Paralaksi ya nyota huhesabiwa kuwa nusu ya mruko huo, na hakuna nyota ambayo paralaksi yake inafikia hata kipande hicho kimoja. Mwaka 1838 Friedrich Bessel alitangaza paralaksi ya nyota iitwayo 61 Cygni, kama theluthi moja ya sekunde ya tao. Umbali aliopata ulikuwa miakanuru 10 na ushei, na vipimo vya leo vinasema 11.4. Kutoka hapo tukapata kizio cha parseki, umbali wa nyota ambayo paralaksi yake ingekuwa sekunde moja kamili ya tao. Ni sawa na miakanuru 3.26. Wanaastronomia wenyewe hutumia parseki zaidi kuliko miakanuru, ila mkiwa na umbali wa 61 Cygni kichwani yote mawili hayatawasumbua.

Mwangaza nao una mtego wake, kwa sababu nyota inaweza kung'aa machoni petu kwa kuwa karibu tu. Sirius ndiyo inayong'aa kuliko nyota zote za usiku, nayo iko miakanuru 8.6 tu. Rigel inaonekana hafifu kuliko hiyo, lakini iko mbali zaidi, karibu mara mia, na nuru inayoitoa ni mara makumi ya maelfu ya ile ya Jua. Ndiyo maana kuna mwangaza unaoonekana na mwangaza halisi, na huwezi kutoka wa kwanza kwenda wa pili bila kujua umbali. Kipimo chenyewe, niwaambie ukweli, ni kero: namba ikiwa ndogo nyota inang'aa zaidi, na zinazong'aa sana zina namba hasi. Tumeurithi utaratibu huo kutoka kwa Wagiriki wa kale, na sijakutana na anayeanza ambaye haukumtatiza.

Kitu cha ajabu kuliko umbali ni kujua nyota imetengenezwa na nini. Ukipitisha mwanga wa Jua kwenye prizimu, unatawanyika rangi kutoka nyekundu hadi zambarau. Huo ndio spektra. Ukiutazama kwa makini utaona mistari myeusi imekatiza rangi. Joseph Fraunhofer aliorodhesha mamia ya mistari hiyo miaka ya 1810 bila kujua inatokana na nini. Baadaye ikajulikana kwamba kila elementi hunyonya rangi zake maalumu, hivyo kila elementi huacha alama yake. Wakati Jua lilipopatwa mwaka 1868 ulionekana mstari wa njano usiolingana na elementi iliyojulikana. Ikapewa jina la heli, na ilipita miaka 27 kabla William Ramsay hajaipata Duniani mwaka 1895. Elementi ilijulikana kwenye Jua kabla ya kushikwa na mkono wa mtu.

Na mwaka 1925 Cecilia Payne, akiwa mwanafunzi, alionyesha katika tasnifu yake kwamba nyota ni hidrojeni na heli karibu tupu. Wakubwa wa fani waliamini nyota zina mchanganyiko kama wa Dunia. Henry Norris Russell, mmoja wa wazito wa wakati ule, alimwambia matokeo hayo hayawezekani, na Payne akaandika kwenye tasnifu hiyo hiyo kwamba huenda si ya kweli. Miaka minne baadaye Russell alifika pale pale kwa njia yake, akakubali. Spektra ndiyo iliyomtetea Payne.

Galaksi ni mkusanyiko wa mabilioni ya nyota, gesi na vumbi, vikishikiliwa na mvutano wao wenyewe. Yetu ni Njia Nyeupe, yenye upana wa kama miakanuru 100,000, na sisi tuko kama miakanuru 26,000 kutoka katikati. Ndani ya kitovu hicho kuna shimo jeusi.

Shimo jeusi watu hulisimulia kama zimwi linalofyonza kila kitu. Ni tungamo lililobanwa mahali padogo kiasi kwamba, ukishavuka mpaka fulani, hata nuru haiwezi kutoka. Ungelibana Jua zima liwe na nusu kipenyo cha kilomita 3, lingekuwa shimo jeusi. Dunia ingebidi iwe na nusu kipenyo cha milimita 9. Na kama Jua lingegeuka hivyo leo usiku, tungeganda kwa baridi, ila Dunia ingeendelea na obiti yake ile ile, maana tungamo ni lile lile na umbali ni ule ule. Zimwi halimfuati mtu.

Sasa kitu kisichotoa nuru kinapimwaje? Kwa majirani zake. Karibu na kitovu cha Njia Nyeupe kuna nyota iitwayo S2, inayozunguka mahali pasipoonekana kitu kwa miaka 16 hivi. Timu mbili, moja ikiongozwa na Reinhard Genzel na nyingine na Andrea Ghez, ziliifuatilia kwa miaka mingi. Ukijua ukubwa wa njia na muda wa mzunguko, ile hesabu ya Newton ya Mwezi inakupa tungamo la kilicho katikati: kama Jua mara milioni 4. Genzel na Ghez walipata nusu ya Tuzo ya Nobel ya Fizikia ya 2020 kwa kazi hiyo, na mwaka 2022 ikatolewa picha ya pete ya mwanga inayokizingira kivuli cha shimo hilo.

La mwisho ni maada ya giza, ambalo nimeliweka hapa kwa makusudi kwa sababu linalisukuma swali letu mpaka ukingoni. Katika mfumo wa Jua, sayari za mbali huenda polepole: Neptuni inatambaa ukiilinganisha na Utaridi. Miaka ya 1970 Vera Rubin na Kent Ford walipima kasi za mzunguko katika galaksi, kuanzia Andromeda, wakitumia mistari ya spektra inayosogea kuelekea buluu upande unaotujia na kuelekea nyekundu upande unaotukimbia. Walitazamia kingo za nje ziende polepole. Haikuwa hivyo. Zinakwenda kwa kasi ile ile karibu na za ndani. Kwa mwendo huo nyota za nje zingepaswa kuwa zimekwisha kutawanyika, labda kuwe na tungamo jingine lisiloonekana linalozishikilia, kubwa kuliko la nyota na gesi zote zinazoonekana, na hilo ndilo tunaloliita maada ya giza. Vipimo vya njia nyingine vimeelekea huko huko, na hesabu za sasa zinalipa tungamo hilo kama asilimia 85 ya maada yote ya ulimwengu. Limepimwa kwa mvutano wake, na hakuna aliyewahi kushika chembe yake wala kujua ni chembe gani. Kuna maabara zilizochimbwa chini ya milima zinazoisubiri mpaka leo, na wapo wanafizikia wachache wanaosema chembe hizo hazipo na kinachotakiwa kurekebishwa ni kanuni ya mvutano yenyewe. Mimi siko upande wao, ila swali lao ni halali na vipimo ndivyo vitakavyoamua.

Muda niliopewa umekwisha. Kaka wa mstari wa tatu ameinua mkono tangu nilipotaja Pluto, na naona uso wake hauna furaha. Karibu, ndugu yangu, uliza.